Chambo Kile Ulikifunga Wewe, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimetanguliza heshima yako kwa sababu yanayofuata ni mabishano, nami sitaki yeyote atakayeisoma barua hii aseme kwamba Chuo Kikuu kimenifanya nisahau kukuamkia.

Dai langu ni hili, na nitalitetea mbele ya mtu yeyote: vile vyambo vya manyoya vilivyomo ndani ya sanduku la kioo, katika nyumba iliyokuwa ya wavuvi wa Kizungu huku Mbulu, havikubuniwa na yule Mzungu tuliyemwita Bwana Samaki. Vilibuniwa na wewe. Kila uzi uliomo uliuvuta wewe kwa meno yako. Kadi iliyobandikwa chini yake, inayosema vinginevyo, ni ya uongo, na mwandishi wa uongo huo ninamfahamu vizuri. Nitamtaja kabla sijamaliza.

Barua hii nimeipeleka gazetini. Nakala moja nimeibandika kwenye ubao wa matangazo hapa Mbulu, na nyingine nimempa kondakta wa basi aifikishe Dirma. Kwa kuwa wasomaji wengi hawakujui, niruhusu niwaeleze. Wewe ni kaka wa mama yangu. Kabla ya uhuru ulikuwa mlinzi wa mto kule juu msituni, ambako Wazungu walipandikiza trauti, samaki wa maji baridi walioletwa kutoka mbali ili mabwana wapate mchezo siku za Jumamosi. Leo unaishi Hanang, katika kijiji cha ujamaa cha Dirma, na wanakijiji wenzako wamekukabidhi maziwa ya ng'ombe wa pamoja, kazi ambayo hapewi mtu asiyeaminika. Na wewe, kama wazee wote wa ukoo wetu, hujawahi kula samaki. Kwetu samaki hakuwa chakula. Nyumbani kwa Bibi, aliyemgusa samaki hakushika kibuyu cha maziwa.

Hapo ndipo ubishi wote unapoanzia.

Mwezi uliopita kamati yetu ya maendeleo ilikutana katika nyumba ile, ambayo sasa ni darasa la kisomo cha watu wazima. Ajenda ilikuwa moja: kuondoa mabaki ya ukoloni. Kulikuwa na pembe za nyati ukutani, picha za watu walioshika samaki na kutabasamu, na sanduku la kioo lenye vyambo kumi na viwili. Ninakiri kwamba aliyetoa hoja ya kuvichoma ni mimi. Nilisimama nikazungumza kwa muda mrefu, kwa ufasaha ambao niliufurahia mwenyewe, kuhusu starehe za mabwana na jasho la watumishi. Kisha nikalifungua sanduku, nikachukua chambo kimoja nikakiinua ili kamati ione upuuzi tuliokuwa tukiulinda kwa kioo.

Hotuba ikaishia hapo; nikakisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa na jicho la shanga nyeupe lenye doa la nta nyeusi. Mizunguko ya uzi kichwani ilikuwa imeelekea kushoto. Nikachukua cha pili. Kushoto. Cha tatu, vivyo hivyo.

"Msomi," mwenyekiti akaniuliza, "umemezwa na samaki?"

Nikawaambia kwamba ninaiondoa hoja yangu, na kwamba ninaijua mikono iliyovifunga vitu hivi. Nilipokutaja, mwalimu wetu wa kisomo, ambaye kwao ni ziwani, alicheka mpaka akavua miwani.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nimekula samaki kabla sijaota meno. Leo uniambie mtu ambaye hata mchuzi wa sato hajauonja ndiye fundi wa chambo? Basi kesho mtaniletea fundi cherehani anayetembea uchi!"

Watu walicheka. Nilimjibu, akanijibu, nikamjibu tena. Unanijua. Mwisho mama mmoja mzee wa kamati, ambaye muda wote alikuwa akisuka kikapu chake, aliniuliza bila kuinua macho.

"Huyo mjomba wako yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Ana mdomo?"

"Anao."

"Basi aje autumie. Hatuchomi mali ya mtu, lakini mali isiyo na mtu hatuitunzi."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Kikao kinachofuata ni siku moja baada ya mnada wa mwezi huu. Ukijitokeza, vyambo vitabaki darasani vikiwa na kadi mpya. Usipojitokeza, kioo kitapelekwa zahanati na vilivyomo vitaingia motoni. Nilikuandikia siku ile ile. Jibu lako lilinifikia baada ya siku tisa, kwa herufi kubwa ulizojifunza kwenye kisomo huko Dirma, na ni barua ya kwanza kuipata kutoka kwenye mkono wako: MPWA WANGU. NIMEPATA BARUA. WAACHE WACHOME. NG'OMBE WAZIMA ILA YULE MWEKUNDU ANACHECHEMEA.

Niliisoma mara nyingi kwa fahari, Mjomba, kwa kuwa kila herufi ilisimama wima. Kisha nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha.

Unakumbuka jogoo wa mama? Yule wa rangi ya majivu, mwenye manyoya marefu ya shingo yaliyokuwa laini kama moshi. Hukumchinja wala hukumwumiza. Ulimvizia kwenye kona ya boma, ukamshika kwapani kama mtoto, ukachomoa manyoya mawili kila upande, ukamwachia. Jioni mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kaka, jogoo wangu ana nini shingoni?"

"Amepigana."

"Amepigana na nani? Hapa hakuna jogoo mwingine!"

"Basi ndiyo maana ameshinda."

Mama alikutupia gunzi la mahindi. Lakini kesho yake manyoya mengine manne yalikuwa yamepungua, na juma lile lile ndipo alipogundua kwamba pindo la sketi yake ya ngozi, ile aliyovalishwa siku ya harusi, lilikuwa limepoteza shanga nyeupe kadhaa. Alikutazama tu, nawe ukaenda kumchotea maji bila kutumwa.

Nilikuwa shule ya kati wakati huo, nikirudi nyumbani likizo na Kiingereza kingi kuliko busara. Bwana Samaki alikuwa amekupa jiliwa dogo la chuma la kubania ndoana, pamoja na kitabu chenye michoro ya vyambo vya kwao. Jiliwa ulilirudisha baada ya siku mbili. Ulifanya kazi kwa namna ya wasokota kamba za ng'ombe wa kwetu: ncha moja ya uzi umeifunga kwenye kidole gumba cha mguu, uzi umepita katikati ya meno ili ukazike, na ndoana iko mkononi. Watu wengine wote huishika ndoana isitikisike, wakazungusha uzi. Wewe uliukaza uzi usitikisike, ukazungusha ndoana. Ndiyo sababu mizunguko yako huelekea kushoto. Nimekitazama tangu hapo kila kitabu cha uvuvi nilichokipata maktabani, na sijaona mchoro hata mmoja wenye mzunguko kama ule.

Kwanza uliutandika uzi uliopakwa nta kwenye shina lote la ndoana, ambalo ni refu, kwa kuwa chambo cha aina hii hakiigi mdudu, kinaiga samaki mdogo anayekimbia. Kisha karatasi ya fedha, uliyoikata kutoka kwenye pakiti za sigara alizotupa Bwana, ukaivingirisha kuwa tumbo. Chini ukaweka nywele chache za mkia wa ndama mweupe. Kooni, uzi mwekundu ulioufumua kwenye blanketi kuukuu la Babu. Juu, manyoya manne ya jogoo yaliyolala mgongo kwa mgongo. Mwisho shanga, tone la utomvu wa mti, na fundo ambalo hukumwonyesha mtu.

Kazi yangu ilikuwa kusoma kitabu. Nilikisoma kwa sauti ya mhubiri.

"Kinasema manyoya yawe meupe."

"Soma tena."

"Meupe, Mjomba. Meupe kabisa. Na yawe magumu, yasimame."

Ulitoa uzi mdomoni ili unijibu vizuri. "Aliyekiandika alimwona samaki kwenye sahani."

Niliudhika. Kitabu kilikuwa na jalada la dhahabu, na wewe hukujua hata kulishika upande ulio sawa. Nikakwambia hivyo hivyo. Hukunigombeza. Ulinichukua mpaka mtoni, ukalala kifudifudi juu ya lile jiwe pana, ukaniambia nami nilale. Tulikaa pale mpaka nikachoka kuwa na hasira. Ndipo nikawaona samaki wadogo kwenye maji yaliyokuwa wazi kama hewa, na migongo yao haikuwa myeupe. Ilikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa. Kivuli cha ndege kilipopita waligeuka wote kwa pamoja, matumbo yakameta mara moja, kisha hawakuonekana tena.

"Umeona?" ulisema. "Anaogopa, ndipo anang'aa. Na hata akitulia, mwili wake unapumua. Hicho kitabu chako samaki wake hapumui."

Hii ndiyo hoja yangu kwa mwalimu wetu wa ziwani, nami ninamwomba aisome polepole. Yeye amewajua samaki tangu hajaota meno, sikatai. Amewajua wakiwa kwenye ndoo, kwenye chungu na kwenye kidole akitafuta miba. Lakini wewe, Mjomba, hukumhitaji samaki kwa lolote. Kwa miaka minane ya kulinda mto ule hukumtamani wala kumgusa. Bwana Samaki alimnasua mwenyewe kila aliyemvua, kwa kuwa ulimwambia tangu siku ya kwanza kwamba kazi hiyo hutaifanya. Ulichobaki nacho ni kumtazama akiwa hai. Asiyekula samaki alikuwa na sababu zote za kumwona vizuri zaidi. Mwiko ambao mwalimu anautumia kukunyang'anya kazi yako ndio uliokufanya uiweze.

Na wale wa kamati wanaosema chambo hiki ni cha mkoloni, nao wanisikilize. Ndoana ilikuwa ya kwao; ninakubali. Trauti walikuwa wa kwao, na Jumamosi zilikuwa za kwao. Lakini manyoya ni ya jogoo wa mama yangu, nywele ni za ndama wa Bibi, shanga ni za harusi ya kwetu, na ubunifu ni wako. Tunafundishwa kila siku kwamba thamani ya kitu inatoka kwa aliyekifanyia kazi. Kama tunaamini maneno hayo kwa dhati, tuyaamini pia mbele ya sanduku la kioo. Tukichoma kila kitu ambacho mikono yetu ilikifanya kwa kuamrishwa, tutakuwa tumemsaidia aliyetuamrisha kufuta majina yetu.

Sasa nifike kwenye kadi.

Unaikumbuka siku ambayo Bwana Samaki alipanda kutoka mtoni akikimbia, mtu mzima yule, kofia mkononi? Chambo chako kilikuwa kimetupwa mara tatu tu, na trauti mkubwa kuliko wote waliowahi kuonekana pale alikuwa amekifuata. Akakuagiza vingine kumi na kimoja, vitimie kumi na viwili. Wenzake walipokuja kuviona, vikatengenezewa sanduku, na sanduku likahitaji kadi. Bwana aliniita mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko karani wake. Alinitajia maneno kwa Kiingereza, nami nikayaandika kwa wino mweusi, kila herufi na mkia wake: kwamba chambo hiki kilibuniwa na kufungwa na yeye, na kwamba kinaitwa kwa jina lake, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu limekwisha kuandikwa vya kutosha.

Nilijua. Nilikuwa na umri wa kujua. Kalamu ilisita kwenye neno moja, akaniuliza kama sijui tahajia yake. Fahari yangu ikaumia, nikaendelea. Mwisho akanizawadia kalamu ile ile.

Ulikuwa unanisubiri nje, chini ya ukingo wa paa, mvua ikinyesha.

"Umeandika nini?"

"Jina la chambo, Mjomba."

"Tu?"

"Tu."

Ukaniwekea mkono begani ukasema kwa furaha, "Basi leo kazi yangu na kazi yako zimekaa kwenye sanduku moja." Tukateremka pamoja hadi nyumbani. Nilikuwa nimeificha kalamu ndani ya shati.

Ndiye huyo mwandishi wa uongo. Nimelihukumu kundi zima la mabwana mbele ya kamati nzima, na kumbe mwandiko uliokuwa unanitazama kutoka kwenye kioo ulikuwa wangu. Hukuweza kuisoma kadi ile wakati huo. Leo unaweza kusoma, nami ninataka uyasome haya kwanza kutoka kwangu: nilikudanganya, nilikuwa najua, na samahani ninayokuomba ninaiomba mbele ya watu wale wale ambao kadi imekaa mbele yao miaka yote hii.

Ninajua kwa nini unasema waache wachome. Ninamkumbuka Bibi akikutengea kibuyu chako peke yako, chenye alama ya kisu shingoni, kwa sababu ulitoka mtoni. Ulimweleza mara ngapi kwamba hukuwashika? Ulinawa kwa majivu mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, na bado kibuyu kilibaki kile kile. Huko Dirma hakuna aliyejua habari za mto, na wamekupa maziwa yao. Unaogopa kwamba siku utakapotamka neno chambo watakutafutia kibuyu kingine.

Utaniambia kwamba kwa barua hii nimekwisha kulitamka kwa niaba yako, bila ruhusa. Ni kweli, na lawama hiyo ninaibeba. Lakini ndani ya chambo kile hamna hata gamba moja la samaki. Aliyebaki na shaka na aje akifumue mbele yangu, na kila atakachokitoa nitamwonyesha boma ambalo kilitoka. Watu wa Dirma, ninawaomba ninyi pia: mtu aliyefanya kazi miaka minane kando ya mto uliojaa samaki, bila kuvunja mwiko wenu hata siku moja na bila mtu wa kumchunga, ndiye mtu wa kumkabidhi maziwa.

Nilimsomea mama rasimu ya barua hii. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: zile shanga bado zipo? Nikamwambia zipo, kumi na mbili, upande mmoja tu wa kila kichwa. Upande wa pili hukuweka, nadhani kwa kumwogopa. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaniambia, "Mwambie aje na maziwa. Nitakunywa mimi wa kwanza, wanione. Na jogoo nilishamsamehe."

Kwa hiyo, Mjomba, ninataka jibu, na ninalitaka hadharani. Sitalipokea kwa bahasha. Basi la Mbulu hupita Dirma alfajiri ya siku ya mnada. Panda hilo, ulale kwa mama, na asubuhi yake uingie kwenye kikao. Mimi nitakuwa na ndoana, nta na uzi. Mama atakuwa na jogoo, kitukuu wa yule. Uvue kiatu, ufunge uzi kwenye kidole, na umfungie mwalimu wa ziwani chambo cha kumi na tatu, kamati nzima ikikuangalia. Kadi mpya ipo mezani, tupu. Safari hii sitaandika mimi. Utaiandika wewe, kwa herufi zako kubwa, na chochote utakachokiandika ndicho kitakachobaki.

Na kama hutakuja, basi andika maneno mawili tu, uyabandike kwenye ubao wa kijiji chako ambapo kila mtu ataona: NI CHANGU, au SI CHANGU. Ukiandika la pili, vyambo nitavitia motoni kwa mkono wangu, nami nitakuwa nimeshindwa hoja kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Lakini usiniandikie tena habari za ng'ombe mwekundu. Ninajua anachechemea. Nimekuuliza kingine.

Mpwa wako,
niliyeiandika ile kadi.